Ujira wa Kutazama

Basi la kwenda mji wa Alappuzha lilikuwa halijatoka stendi, lakini mzee Sudhakaran, mchukuzi wa mizigo aliyestaafu, alishamgeukia Beena, jirani yake wa kiti, aliyepakata cherehani; mimi nilikaa nyuma yao. "Enzi zetu, binti yangu, hiyo ingeshushwa na watu wanane."

"Na hata ningeishusha mwenyewe, bado ninyi wachukuzi mngenidai ujira wa kutazama. Ujira huo ndio uliofunga kiwanda cha baba, cha mikeka ya makumbi."

"Kutazama nako kazi. Tunakaa kivulini, chai inazunguka, tunaimba. Siku hizi bandarini kreni inashusha kontena kimya kimya kama mwizi."

"Kreni haidai chai. Ndiyo maana nimerudi kutoka Dubai. Kesho nafungua karakana palepale kwa baba."

Mzee akalainika. "Mikeka ya baba yako ilikuwa inanukia. Nimeibeba sana."

"Umeibeba, au umeitazama?"

Mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

Basi liliposimama Alappuzha, Beena akainua cherehani, akapepesuka. Mimi nikajifanya nimelala. "Mzee, hata mkono mmoja?"

"Mgongo umekwisha, mwanangu." Akajifunga kitambaa kichwani kama zamani, akashuka nyuma yake. "Lakini beba tu. Leo nakutazamia bure."