Mifuko Iliyorudi Kutoka Kamanyola

Muheshimiwa muwakilishi wa Bourgmestre wa komine yetu ya Bagira. Padri wetu wa parokia. Wakubwa wa ofisi ya mazingira. Papa Grégoire wa ofisi hiyo, tunayemuaga leo kwa kuwa anastaafu, na Maman Adélaïde, mke wake. Ndugu wageni waalikwa. Wamama wa shirika letu la hapa mutaa wa Kasha: nawasalimu wote.

Naitwa Emérence. Mimi ni mwalimu, na ninaongoza hawa wamama. Nimeombwa kueleza kazi ya Papa Grégoire kati yetu. Tangu asubuhi najaribu kuipanga kichwani, lakini kila nikianza inajichanganya. Mutanivumilia.

Alikuja kutuambia kwamba Kinshasa wametoa politike mpya, mupango wa inchi nzima: uchumi wa muzunguko. Kitu kikimaliza kazi kisitupwe. Kirudi, kifanye kazi ingine. Tukauliza, "Sasa sisi tufanye nini?" Akajibu, "Muokote plastiki. Gari itakuja kuibeba, iende kutengenezwa upya." Tukaokota kwenye mifereji na kando ya ziwa, chupa na sachet, vile vifuko vya plastiki, tukajaza hii sale ya parokia tunamokaa leo mpaka kwaya ikaenda kufanyia mazoezi inje.

Gari likaja kweli. Likabeba mifuko yote, tukapiga vigelegele, likashuka kuelekea Kamanyola. Nani kati yetu alifikiri tutaiona tena ile mifuko? Kesho yake gari likarudi limejaa vilevile. Dereva, Papa Hugues, akatuambia, "Kwenye barrière, pale wanakagua magari, wanasema sachet inakatazwa. Mimi niko narudisha tu."

Tukaanza kuulizana. Serikali iliyokataza sachet na serikali iliyotuambia tuziokote, si ni serikali moja? Tulikuwa watu wa kusifiwa, ao watu wa kufungwa? Mumoja wetu, Maman Cibalonza, akauliza polepole, "Kumbe huu ndiyo muzunguko wenyewe?" Hakuna aliyecheka. Hatukujua kama ilikuwa mzaha.

Tukamuita Papa Grégoire. Mukubwa mwingine angezima simu. Yeye alikuja, na Maman Rosette akamuuliza mbele ya wote, "Papa, ulitudanganya?"

Akakaa juu ya mufuko mumoja, na kostimu yake. Kisha akasema, "Hapana, maman. Niliisoma ile politike, nikaiamini. Sasa ofisi moja inasema muokote, ingine inasema ni makosa. Hata mimi sielewi."

Ndugu zangu, nimefanya kazi na wakubwa wengi. Neno hilo, "sielewi", kwao sikuwa nimelisikia bado. Hasira ikatutoka, lakini mahali pake hatukupata kitu cha kushika. Yeye akaanza kuzunguka maofisi, anatumwa huku, anarudishwa kule, mpaka akapata ruhusa ya chupa peke yake. Chupa zikapita. Sachet zingali hapa nyuma ya pazia. Maman Cibalonza anazisuka vikapu, na sokoni watu wanavipenda, lakini kama kikapu hicho ni mali ao ni kosa, mpaka leo sina jibu, na sijui nimuulize nani.

Madame Priscille, wewe unayechukua kiti chake: hawa wamama watakuuliza maswali, na mengine hayatakuwa na jibu mezani kwako. Usitume mutu. Uje mwenyewe.

Papa Grégoire, Mungu akupe mapumziko mema. Nanyi wote, aksanti kwa kunitegea masikio.