Kifaa Kinachonusa Pumzi

Fundi Hewa alifika kijiweni, benchi la kahawa lililo mkabala na jengo la ofisi za wahasibu, akajitupa kitako mpaka kikombe cha Kinyozi kikamwagika. Kazi yake ilikuwa kutunza feni kubwa za paani zinazoingiza hewa katika jengo hilo, na meneja alikuwa ametoka kumtolea uvivu: bili ya umeme imepanda badala ya kushuka, asiporekebisha abebe vyombo vyake aende zake.

— Nimechoka! alifoka. Nimewafungia kila chumba kifaa cha kunusa pumzi. Watu wakijaa, feni zinakaza mwendo. Wakitoka, zinapunguza, umeme unapona. Leo nakuta vyote vimefunikwa selotepu! Vinadhani hamna mtu, feni zinalala. Joto likiwazidi wanafungua madirisha, viyoyozi vinahangaika kupoza mtaa mzima!

— Kinanusa? aliuliza Kinyozi. Basi kinajua nani kala vitunguu.

— Hakijui!

— Na nani hajaoga, alidakia Wakili, muuza magazeti aliyepewa jina hilo kwa kupenda kesi zisizomhusu. Pumzi ya mtu ni mali yake. Hiyo ni kesi.

— Wakili, nakuomba.

— Na kile kijitaa chekundu cha kifaa chako kinachokonyeza? Kamera hiyo! Meneja anahesabu miayo.

Kinyozi alishusha sauti.

— Mimi nasikia pumzi zenyewe zinajazwa kwenye mitungi, zinauzwa nje.

— Nani anunue pumzi za wahasibu?! aling'aka Fundi.

Hata mama muuza kahawa alicheka. Fundi hakucheka. Alijiona akifukuzwa kazi kwa sababu watu wazima na akili zao wanaogopa kijitaa kuliko joto.

Ndipo akaja dada wa mapokezi wa jengo lile, jasho likimtiririka, akaomba kahawa.

— Kaka, si wewe uliyefunga vile vitaa?

— Ndiye mimi.

— Selotepu niliibandika mimi, wenzangu wakaiga. Ulikuja, ukatoboa ukuta, ukatumwagia vumbi mezani, ukaondoka. Ulimwambia nani kati yetu vile vitu ni vya nini?

 Wakili na Kinyozi waligeuka kumtazama Fundi.

— Nilimwambia... Fundi alianza, akatafuta jina. Hakulipata.

Dada alimaliza kahawa yake akasimama.

— Basi panda ukatuambie. Ila safari hii anza na salamu.