Kitambaa Chekundu Kwenye Kitasa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu fundi mkuu wa chumba cha jeli katika maabara yetu. Jengo zima linamwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliye mtoto wa kaka yake.

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha unga ndani ya kioevu kwa moto mdogo, kuuacha upoe, kisha kupindua kichupa. Kilichomo kikimwagika, kazi bure. Kikining'inia, ni jeli. Mhasibu alizoea kumtania kwamba analipwa kutazama maji yakiganda. Yeye alijibu kuwa ni afadhali, maana hesabu za mhasibu hazijaganda tangu aajiriwe.

Wageni aliwaeleza hivi: molekuli ndogo hushikana kwa vifungo vya haidrojeni zikawa nyuzi, nyuzi zikasukana zikawa wavu, wavu ukanasa kioevu. Kifungo kimoja ni dhaifu, kama kidole kimoja kisichovunja chawa. Vikiwa vingi, unapindua kichupa na halidondoki tone.

Kwa kuwa wavu huo huharibika ukitikiswa kabla haujakomaa, alifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Kikiwepo, hakuna kubisha. Hata mkurugenzi alinyata.

Sifa yake kubwa ni molekuli iliyotushinda kwa miaka mitatu, kila ikipinduliwa inamwagika. Shangazi ndiye aliyegundua kwamba ilikuwa imejikunja na kujishika yenyewe: haidrojeni yake imeshika oksijeni yake, haina mkono wa kumpa jirani. Alimwomba mkemia aufupishe mkono wa molekuli hiyo ili isijifikie. Jaribio la kwanza likaganda. Leo jeli hiyo ndiyo inayobeba dawa yetu ya vidonda.

Mwaka uleule alifiwa na mama yake, ambaye waliishi naye wawili tu. Habari ilimkuta asubuhi katika chumba cha jeli. Akatoka mbio, kitambaa kikabaki kwenye kitasa. Karibu wiki nzima watu walipita mlango ule kwa kunyata, wakidhani jeli haijakomaa. Ndani hamkuwa na mtu. Siku aliporudi kutoka kuzika, alimkuta mpishi wa chai akiwakemea madereva wasimpigie Shangazi kelele. Alicheka mpaka akakaa chini. Habari za msiba tulizijua mwezi uliofuata, mfagizi alipomuuliza hali ya mama.

Hakutaka sherehe. Nyumbani kwake hakuna anayemsubiri, na alipoulizwa atafanya nini huko, alisema atapumzika, akaishia hapo. Vichupa amemkabidhi fundi mpya. Kitambaa amekifua, akakipiga pasi, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Shangazi, asante kwa kazi. Tunakutakia mapumziko yenye afya na wageni wengi. Kitambaa umekiacha huku. Kwa hiyo Jumamosi tunakuja kwako kubisha hodi.