Mzee Hamimu na Mteremko wa Bugarama

Jumatatu, tarehe 31 Mei 2004, Mzee Hamimu Ramazani, fundi mkuu wa Karakana ya Ntahangwa, atavua ovaroli lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne kamili ya kazi. Kati ya hiyo, kumi na zaidi imekuwa ya vita. Ukiipima kwa uchovu badala ya kalenda, hiyo kumi ni mirefu kuliko ile mingine yote.

Niliombwa kuandika haya kwa sababu nimekaa naye muda mrefu kuliko wengine waliobaki. Mimi ni Léoncie, mtunza stoo ya vipuri tangu mwaka 1986.

Mzee Hamimu ni mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, hapa mjini. Aliingia karakanani akiwa na miaka ishirini na mitatu kama mziba pancha, na baada ya miaka minane hakuna aliyeruhusiwa kufungua gia boksi bila yeye kuwapo. Wakongwe waliostaafu wanakumbuka jinsi alivyomsimamisha mteja getini na kumwambia kwamba gia yake ya tatu imevunjika jino. Mteja alikasirika. Walipofungua, jino moja lilikuwa chini, ndani ya oili. Alipoulizwa alijuaje, alijibu kwamba gari lilikuwa linalia, akaenda kunywa chai.

Mwaka 1985 Bwana Delvigne, Mbelgiji mnunuzi wa kahawa, alituletea gari la mbio la Kitaliano. Lilikuwa la viti viwili na gia tano, na lilikuwa chini sana hata ukiketi ndani ulihisi umekalia lami. Jumapili alishindana na rafiki zake kupanda milima. Alitaka fundi anayejua jinsi gari hilo linavyoendeshwa, maana anayejua kulifungua tu hawezi kusikia linapougua. Kwa hiyo akamfundisha Hamimu.

Kwa wasioijua kazi hiyo: dereva anayeikaribia kona kwa kasi anapaswa kupunguza mwendo na kushusha gia kwa wakati mmoja. Akishusha gia huku injini inazunguka polepole, magurudumu ya nyuma yanashtuka na gari linaweza kugeuka. Basi vidole vya mguu wa kulia vinabonyeza breki, na kisigino cha mguu huohuo kinagusa padali ya mafuta ili injini ipande kidogo. Mguu wa kushoto nao unakanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kutoa gia, mara ya pili kuingiza iliyo chini yake. Ikifanyika sawasawa, abiria hahisi kitu chochote.

Hamimu alijifunza akiwa kwenye kiti cha mbao ndani ya stoo, mbele ya ubao alioupigilia vipande vitatu vya mti badala ya padali. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimkuta hapo akirusha miguu, amefumba macho. Nilimwendea patroni Anselme, mwenye karakana, kumwarifu kwamba fundi mkuu ana ugonjwa wa mishipa. Mke wa Hamimu, Bi Assia, anasema kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akimkanyaga chini ya meza wakati wa chakula.

Oktoba 1993, vita vilipoanza, Bwana Delvigne aliondoka na begi moja. Alimwachia Hamimu ufunguo na kumwomba aliwashe gari kila wiki mpaka atakaporudi Krismasi. Krismasi ikapita, na nyingine, na nyingine. Hamimu aliliwasha kila Ijumaa kabla ya sala, miaka yote hiyo.

Miaka iliyofuata wote mnaijua, na sina nguvu ya kuisimulia. Nitasema tu kilichotokea kwetu karakanani. Mwaka 1994 Jovithe, fundi wetu wa umeme, aliuliwa ndugu yake katika mtaa wa Cibitoke walikokuwa wakiishi. Mwaka uliofuata, watu walipokuwa wakiukimbia mtaa wa Kamenge, Hamimu alichukua pikapu ya karakana akafanya safari tatu kutoa familia zilizokwama. Hakuuliza mtu ni wa upande gani. Jovithe aliamini kwamba miongoni mwa waliopanda pikapu ile wamo waliomjua aliyemuua ndugu yake. Tangu siku hiyo hakumsalimu Hamimu. Kwa miaka miwili waliinamia boneti moja bila kusemezana. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea bisibisi kwa huyu na kumpa yule.

Ikafika Alhamisi, tarehe 15 Mei 1997. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vipuri havikuja na petroli ilipatikana kwa bahati. Jovithe alikuwa amepelekwa kutengeneza mota katika kituo cha kuoshea kahawa karibu na Bugarama. Saa moja asubuhi simu ililia: mkanda wa mota ulikuwa umeukamata mkono wake wa kulia. Muuguzi wa huko aliufunga alivyoweza, lakini alisema kwamba asipopasuliwa kabla ya jioni ataupoteza.

Pikapu moja ilikuwa Gitega. Nyingine ilikuwa juu ya matofali, haina pampu. Gari pekee lenye mafuta na matairi manne lilikuwa lile la Bwana Delvigne. Hamimu alikuwa ameshachukua ufunguo.

Patroni Anselme alisimama mlangoni. "Hamimu, hii gari ni ya mutu."

"Na Jovithe ni ya nani?" Hamimu akauliza.

Patroni akasogea.

Siku zile barabara ya kupanda milimani ilipitika kwa msafara tu, askari mbele na askari katikati. Hamimu alipanda nyuma ya malori kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alimkuta Jovithe ameketi kando ya soko la Bugarama, mkono umefungwa kwa kipande cha shuka, uso umepauka. Akamweka kwenye kiti. Msafara wa kushuka ulikuwa unajipanga. Hamimu akajaribu breki, na padali ikazama mpaka sakafuni. Mpira wa pampu ya breki, ambao mpya wake tulikuwa tumeutafuta mji mzima kwa miezi minane bila kuupata, ulikuwa umepasuka.

Angeweza kunyamaza. Alimwendea ofisa wa msafara akamweleza.

"Gari bila freni inabaki hapa," ofisa akasema.

"Afande, mi nashuka na vitesi. Sitagonga mutu," Hamimu akajibu, maana yake kwa gia.

Ofisa aliutazama mkono wa Jovithe kupitia dirishani, kisha akaitazama barabara. "Basi utakuwa wa mwisho. Ikikushinda, tupa ku mutaro. Usituangukie."

Kila mtu pale alijua maana ya kuwa wa mwisho. Gari la mwisho ndilo lililokuwa likivamiwa.

Hamimu akarudi, akainama dirishani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Jovithe katika miaka miwili. "Gari haina freni. Kuko nafasi ku camion, juu ya mashu. Ukitaka nakubeba pale."

Lori lililokuwa mbele yao lilikuwa limejaa kabichi, na juu ya kabichi wameketi akina mama wanne.

"We utaweza?" Jovithe akauliza.

"Kupanda mbio nimefanya sana. Kushuka bila freni, apana, sijawahi."

Jovithe alifikiri. Kisha akajipinda, akaushika mlango kwa mkono wake mzima. "Basi nafunga mulango," akasema.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayatofautiani. Kutoka Bugarama hadi mjini ni kushuka mfululizo, kona juu ya kona. Gia ya pili iliweza kulishika gari mahali pa kawaida. Palipoinama zaidi ilihitajika ya kwanza, na katika gari lile gia ya kwanza haikukubali kuingia gari likiwa linakwenda, ila kwa mtu anayejua kupandisha injini kwa kipimo hasa. Yale aliyofundishwa kwa ajili ya kwenda kasi kuliko wenzake, siku hiyo aliyatumia ili asilipite lori la kabichi.

Breki ya mkono ilikuwepo, baina ya viti viwili. Lakini Hamimu alihitaji mkono wa kushoto kwa usukani na wa kulia kwa gia. Kilichobaki ni mkono wa kushoto wa Jovithe, ambao ulikuwa mzima na ulikuwa upande huohuo. Hamimu akamwambia asivute kwa nguvu, la sivyo itaungua. "Nikisema vuta, unavuta kidogo. Nikisema achia, unaachia."

Walishuka hivyo. Vuta. Achia. Vuta. Achia. Jovithe anasema hawakuongea neno lingine. Mahali fulani risasi tatu zilisikika upande wa kilima, mbali, na msafara haukusimama.

Kwenye kona moja lori lilipunguza mwendo ghafla kwa sababu ya mawe yaliyoanguka barabarani. Hamimu alikanyaga klachi, akatoa ya pili, akapandisha injini, akasukuma mkono kuingiza ya kwanza. Gia ikanguruma ikakataa. Gari likawa huru, halina gia wala breki, na lori likaja mbele yao. Mama mmoja juu ya kabichi alinyanyua miguu. Hamimu hakulazimisha. Alisema "vuta" kwa sauti ileile, akarudia tangu mwanzo: klachi, mafuta juu zaidi, klachi. Ya kwanza ikaingia. Baina ya boneti na lori, Jovithe anasema, ulibaki urefu wa mkono.

Saa nane na nusu mchana walisimama mbele ya hospitali ya Kamenge. Hamimu alizima injini gari likiwa ndani ya gia, akatoka kumfungulia Jovithe, na mguu wake wa kushoto ukakataa kumbeba. Wauguzi walipofika hawakujua mgonjwa ni yupi.

Jovithe alipoteza vidole viwili, mkono ukapona. Alirudi kazini baada ya miezi minne. Asubuhi ile alipita stoo kwangu bila kusimama, akaenda mpaka shimoni Hamimu alipokuwa chini ya gari, akamsalimu, "Mwaramutse, muzee." Hamimu akaitikia, akaomba spana. Jovithe akampa mwenyewe, kwa vidole vitatu.

Nisiwadanganye kwamba yote yaliisha. Nilipomuuliza Jovithe wiki iliyopita, alisema habari ya ile pikapu hawajawahi kuizungumza na yeye hajaisahau. Lakini ndiye aliyejitolea kukusanya majina ya watakaokuja kwenye sherehe hii, na ndiye aliyenisimulia mengi ya haya.

Katika miaka ya kufungiwa mipaka, Mzee Hamimu aliwafundisha madereva ishirini na sita kushuka mlima kwa gia, ili wasimalize breki ambazo hazikuwa na mbadala. Wapo wa pikapu, wa malori ya chai na wa gari la wagonjwa. Ninavyojua, hakuna hata mmoja wao aliyeanguka na gari mlimani. Goti lake la kushoto halikurudi kama zamani, na daktari alimkataza klachi. Alifundisha akiwa kwenye kiti cha abiria.

Mwaka 2001 watoto wa Bwana Delvigne waliandika kwamba baba yao amefariki na gari liuzwe. Alilinunua mtu wa Gitega. Hamimu alimpa ufunguo na onyo moja tu: asipumzishe mkono juu ya gia anapoendesha, kwa maana uzito wa mkono unakula vyuma vya ndani. Kisha akafunga lango na kuingia chini ya lori lililokuwa likimsubiri.

Julai iliyopita, mizinga ilipokuwa ikilia kusini mwa mji, familia kutoka Kanyosha zililala uani kwetu siku saba. Mzee Hamimu aliwapa ofisi yake, akawa anafanya kazi zake juu ya pipa. Aliyekuwa na miaka hamsini na sita wakati huo alionekana kama wa sabini. Sisi wengine pia, nadhani.

Juma lililopita nilimuuliza atasema nini siku ya kuagwa. Alikuwa anapangusa mikono. "Léoncie, mi nimechoka," akasema. "Andika tu ivyo." Nimeandika. Alipoona sijaondoka, akaongeza kwamba tangu mwaka 1970 hajawahi kulala mpaka saa mbili asubuhi, na kwamba angependa kujua inakuwaje.

Kwa hiyo Jumatatu hakutakuwa na hotuba yake. Kutakuwa na wali, samaki na soda, na tutakula pamoja naye, sisi tuliobaki.

Mzee Hamimu, kwa niaba ya patroni Anselme, Jovithe na mafundi wote wa Ntahangwa, tunakushukuru kwa miaka yote hii. Bi Assia, tunakushukuru kwa kutuachia mume wako muda mrefu kuliko ilivyokuwa haki. Tunakutakia afya, mzee, na goti lisiloamka kabla yako. Tunakutakia nchi tulivu, ikija. Na hata kabla haijaja, tunakutakia asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu anayekungojea mlangoni.