Orrin Vandeveer na Kitabu Walichokicheka

Mchungaji, majirani wa Linden Bend, nanyi mliokuja kwa treni ya asubuhi kutoka Chicago na Indianapolis, familia imenipa mimi Hattie, binti yake, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nami nitayasoma kama mama alivyotaka yasomwe.

Marehemu Orrin Vandeveer alizaliwa tarehe 9 Februari 1868, katika shamba lililo nje kidogo ya mji huu, jimbo la Indiana, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Cyrus Vandeveer na Bi Lavinia, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya hapa hapa mjini hadi mwaka 1882, na huko ndiko alikosimama siku moja kusoma insha juu ya kifo cha bibi yake, darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akajifunika uso kwa leso, kwa sababu marehemu alijaliwa uso mrefu na sauti ya kukokota ambavyo watu walidhani ni mzaha, naye akarudi kukaa bila kujua kosa lake ni lipi.

Mwaka huo huo aliajiriwa kupanga herufi za chapa katika gazeti la mji, pamoja na mzee Otto Strickler ambaye tunaye hapa leo, na baada ya miaka kadhaa akapewa safu yake mwenyewe. Hapo ndipo alipomtunga Jabez Crump, mkulima anayezunguka wilaya nzima akijaribu kuuza nguruwe asiyeuzika, baba akidhani ataandika visa vichache ajulikane, kisha aandike mambo aliyoyakusudia. Visa hivyo vilitoka kama kitabu kule New York mwaka 1895, vikasomwa nchi nzima, watoto wakavikariri shuleni, magazeti yakamhesabu baba miongoni mwa waandishi wakubwa wa Marekani, na tangu hapo hakuweza kuingia kwa kinyozi bila mtu kupiga kelele, "Orrin! Nguruwe umemfunga wapi leo?" Akijibu kwa upole kwamba hana nguruwe, ndiyo kwanza walizidi kucheka.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1897, katika kanisa hili hili, na Bi Adelaide Kessinger, mwalimu wa piano. Siku ya posa alisema, "Adelaide, usiponikubali sijui nitaishije," dada zake mama wakacheka hadi wakamwaga kahawa, ila mama akawageukia akasema, "Hebu nyamazeni nyie, mwenzenu anasema kweli." Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1899, na mdogo wangu Clement mwaka 1904.

Tarehe 25 Machi 1913, mto Wabash ulipofurika, baba na Clement walipanda juu ya paa la zizi kungoja mashua, paa likakatika, upande aliokaa Clement ukachukuliwa na maji, na baba akawa anamwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Wengi wenu mlimsaidia kumtafuta, na mlikuwepo tulipomzika.

Baada ya hapo baba alikataa kuandika neno lolote juu ya Jabez, ijapokuwa mchapishaji wake alikuwa akimsihi, "Mzee, watu wanataka nguruwe!" Miaka mitatu aliandika riwaya moja tu, *Paa la Zizi*, juu ya mtu aliyepoteza mtoto katika mafuriko, na ilipotoka mwaka 1916 tulikuta jalada lina picha ya nguruwe anayeogelea, ambayo hakuna aliyemwuliza baba kama anaitaka, na wakosoaji wakaandika kwamba Vandeveer hajawahi kuchekesha namna hii.

Tarehe 18 Novemba mwaka huo alialikwa kusoma kitabu hicho katika ukumbi mmoja wa Indianapolis, akachagua ukurasa ule ambapo baba anamwita mtoto juu ya maji, na alipoita mara ya kwanza ukumbi ukacheka, alipoita mara ya pili wakapiga makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Mama akasimama katikati ya watu, akasema kwa sauti, "Huyo mnayemcheka ni mwanangu!" Wakamcheka na yeye, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Baba alifunga kitabu, akashuka jukwaani, na hakusoma tena mbele ya watu. Alirudi kuandika visa vya Jabez kwa hasira, mwaka baada ya mwaka, na kadiri alivyoandika kwa hasira ndivyo walivyozidi kumpenda.

Mwezi Agosti mwaka huu alianza kuumwa, akaenda kwa Daktari Pruitt, akamwambia, "Daktari, kifua kinanibana, sitanii." Daktari akampiga begani akisema, "Mzee Orrin, wewe utatuzika wote! Na nguruwe je, naye anabanwa?" Akampa dawa ya tumbo. Mauti yalimfika nyumbani tarehe 4 Oktoba 1931, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu wawili.

Juzi wajumbe wa baraza la mji walikuja kuomba kaburini pawekwe nguruwe wa mawe, kwa ajili ya wageni, na mama akawaambia, "Mkiweka nguruwe juu ya mume wangu, nitamvunja kwa nyundo mwenyewe." Mwenyekiti alitaka kutabasamu, akamtazama mama usoni, akavaa kofia yake wakaondoka.

Familia inamshukuru Daktari Pruitt, ambaye baadaye alikuja kila siku, na aliyemwomba mama msamaha akiwa amesimama mlangoni. Tunawashukuru majirani kwa kuni na mikate, na wafanyakazi wa gazeti waliobeba jeneza. Kwa namna ya pekee tunamshukuru mzee Strickler, aliyetufuata nje ya ukumbi siku ile kule Indianapolis, akavua kofia na kumwambia baba, "Orrin, mimi nimelia," maana baba alitutajia maneno hayo mara nyingi, hata wiki ya mwisho.

Baba, tunakulaza kando ya Clement, juu ya kilima, mahali ambapo mto haujawahi kufika. Pumzika, mzee wetu, amani iwe yako.