Tarpley wa Kwanza wa Pell Creek

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa kanisani humu hadi wengine mmesimama, mimi ni Garland, mwana wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu, Tarpley Odom Renfroe, na Mchungaji ameniomba nisirefushe, nami nimemwambia hilo nitajitahidi tu.

Mama alizaliwa tarehe 3 Februari 1939 hapa Pell Creek, Alabama, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Hoyt Odom na Bi. Verna, na Bi. Verna alikuwa mkubwa wa mabinti sita wa Mzee Amos Tarpley, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo jina la ukoo wake lilikuwa linakwenda naye kaburini. Kwetu binti humpa mtoto wake jina la ukoo alilozaliwa nalo liwe jina la kwanza, lisipotee, basi Mzee Amos kwa pupa yake akafungua Biblia ya familia miezi miwili kabla ya uzazi, akaandika kwa wino, “Tarpley Odom, mvulana.” Akazaliwa mama. Bibi Verna akasema, “Baba, si uandike Linda?” Mzee akajibu, “Humu hakifutwi kitu,” na kweli hakikufutwa, Biblia ile pale mezani, kila mwenye macho akajionee.

Alianza shule Septemba 1945, mwalimu akamweka kwenye orodha ya wavulana wa kupasua kuni, naye akazipasua, lakini wasichana wenzake walimwandama kwa, “We Tarpley, ndevu utaota lini?” mpaka siku moja akarudi nyumbani analia, anataka aitwe Linda kama watu. Mzee Amos akampakata akamwambia, “Mjukuu wangu, sina mwingine wa kumpa. Nibebee tu.” Mama alikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo hakulilalamikia tena jina lile, ila alilibeba kama deni.

Alihitimu uuguzi mwaka 1959, akafanya kazi miaka arobaini katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu, na tarehe 11 Juni 1960 akafunga ndoa na marehemu baba, Thurman Renfroe, fundi wa magari, aliyekula kuku wa kukaanga wa mama kila Jumapili bila kukosa. Akangoja binti wa kumrithisha jina, maana mvulana hakutaka kumpa, tukaja mimi, Dewitt na Royce, wavulana watupu, na kila mara, jamani, alitupokea kwa upendo na kuguna. Aliamini kabisa kwamba ameshindwa, kwamba jina la Tarpley litaishia kwake, na hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Kumbe Mungu ana yake. Aprili 1971 kimbunga kiling'oa paa la hospitali mchana kweupe, mama akamzalisha Bi. Hubbard chini ya meza ya jikoni, huku amemkinga kwa mwili wake, na Bi. Hubbard alipoulizwa bintiye anaitwa nani, akasema, “Anaitwa kama huyu aliyenilalia.” Wakafuata wasichana wengine, binti wa mchungaji, mapacha wa kina Sayre waliogombaniwa nani kati yao apewe jina hilo, na mwaka huu darasa la kwanza lina Tarpley watatu, mwalimu anawaita kwa namba. Mama alijifanya kukereka, “Watu hawana majina yao?” lakini kila mmoja alimshonea blanketi.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba iliyopita. Tarehe 18 Aprili 2024, Leanna, binti wa Dewitt, alijifungua mvulana, mvulana wa kwanza kuletewa jina hilo tangu Mzee Amos ashike kalamu, tukakimbia kumweleza mama kitandani kwamba ataitwa Tarpley. Akatutazama kwa huruma, akasema, “Mna wazimu? Hilo jina la kike! Mtoto atachekwa shuleni.” Akacheka mpaka nesi akaja, na asubuhi iliyofuata akafariki.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani walioleta vyakula hadi friji ikakataa kufungwa. Mtoto ameitwa Amos. Na sasa naomba kila anayeitwa Tarpley humu ndani asimame.

Mama, wamesimama kumi na tisa. Tua mzigo, ulale salama.