Mama Maswali: Wasifu wa Fundi wa Sare Aliyeuliza Kuhusu Mwanawe

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, kwa sharti ambalo marehemu mwenyewe aliliweka akiwa kitandani: lisimung'unywe neno lolote. Basi halitamung'unywa, na anayeona aibu atazame chini.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1982, mtoto wa pili kati ya wanne wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, akafaulu, nafasi ikakosekana. Alijifunza ushonaji kwa shangazi yetu, mwanamke asiyevumilia pindo lililopinda, na mwaka 2005 akafungua chumba cha kushonea sare mkabala na lango la shule. Mafundi wengine humwambia mteja "njoo kesho" mpaka mtoto amalize shule. Yeye akikwambia Ijumaa, ni Ijumaa.

Alifunga ndoa tarehe 16 Juni 2012 na fundi redio wa mtaa wa pili. Mwaka uliofuata, akiwa mjamzito, walipima pamoja na wote wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Hawakurushiana lawama. Alianza dawa siku hiyohiyo, hakuruka hata moja, na Februari 2014 akajifungua binti. Mtoto alipofikisha mwaka na nusu, kipimo cha mwisho kilionyesha hana virusi. Kliniki wanaita kuhitimu. Wauguzi walipiga makofi, mtoto akabebwa juujuu, faili likafungwa.

Shida ni kwamba mhitimu haongei. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na alipotimiza miaka mitatu alikuwa na "mama," "maji" na jina la paka, basi. Dada akarudi kliniki kuuliza kama sababu ni zile dawa alizomeza yeye mtoto akiwa tumboni. "Mama, mtoto hana virusi. Unataka nini tena? Mshukuru Mungu," wakamwambia. Alimshukuru, halafu akauliza tena. Wakambandika jina la Mama Maswali. Kliniki ya watoto ilimrudisha kwa wale wa virusi, na wale wa virusi wakasema huyu si wao tena. Inaudhi hata kuisoma.

Mwaka 2018 akashika mimba ya pili, na swali likawa la moto. Mama mkwe wake, kwa nia njema kabisa, alimwambia, "Dawa hizo ndizo zilizomfunga huyu wa kwanza ulimi. Ziache, mwanangu, ujifungue kwanza." Dada hakuziacha, ila alizimeza akilia. Tulimwona.

Ndipo alipofanya kisa ambacho mtaa unakicheka hadi leo. Muuguzi mkuu wa kliniki alimpa kitambaa amshonee sare mpya, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea. Siku ikafika, sare imepigwa pasi, inaning'inia ukutani.

"Nimefuata nguo yangu, fundi."

"Iko tayari, sista. Na jibu langu?"

"Jibu gani tena jamani?"

"Basi njoo kesho."

Muuguzi alifoka, kisha akacheka, kisha akavuta kigoda akakaa. Yeye ndiye aliyemfikisha kwa daktari wa watoto.

Daktari huyo hakumzungusha. "Watoto wengi ambao mama zao walimeza dawa wanakua vizuri. Wachache wanachelewa, hasa kuongea. Kama ni dawa, au virusi vya mama, au uzito mdogo wa kuzaliwa, sijui. Lakini bila dawa huenda tungekuwa tunazungumza mengine. Usiache."

"Mbona hamjui?"

"Wakishahitimu hatuwaoni tena."

Dada alirudi na hasira mpya, lakini hakulia tena akimeza. Mtoto wa pili alizaliwa Novemba, kwa dawa zilezile, na anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha. Binti mkubwa alianzishiwa mazoezi ya kuongea, akaanza kufunguka. Kisha daktari akahamishwa, na mazoezi yakahama naye.

Machi mwaka huu wa 2025 dada aligundulika ana shinikizo la damu. Alipigwa na kiharusi mwishoni mwa Julai, na kufariki alfajiri ya tarehe 3 Agosti. Virusi havikumuua, kwa miaka mingi vipimo vilikuwa havivioni tena. Wanaonong'ona kule nyuma wasikie vizuri.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na mmoja, mwana wa miaka sita, mama mkwe aliyemuuguza mpaka mwisho, na ndugu watatu. Jana, tukiwa tunakunja nguo zake, binti alituuliza polepole, neno baada ya neno: "Mama mdogo, sasa nani ataniulizia?"

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi keshokutwa tuna kliniki.